Deni la Mkaja Mbele ya Mfalme Henry

Marekani kuna watu wanaolipa kiingilio cha maana ili wakaishi karne ya 16 kuanzia saa nne asubuhi hadi saa moja jioni, kisha warudi nyumbani kwa gari. Mambo hayo huitwa tamasha la Renaissance. Yalianza mwaka 1963 huko Los Angeles, mwalimu mmoja aitwaye Phyllis Patterson na mumewe Ron walipoandaa gulio la kizamani la kuichangia redio ya KPFK, na tangu hapo wazimu huo umeenea nchi nzima. Kijiji cha mbao kinasimamishwa msituni, mhasibu wa benki anavaa soksi za kubana mpaka mapajani, anajiita Sir fulani, na hakuna anayemcheka. Maryland tunakoishi ndiyo kabisa. Mwaka 1962 jimbo hili lilipitisha kwa sheria kwamba mchezo wake rasmi ni ule wa kupanda farasi na kukimbia na mkuki. Wengine wana mpira, sisi tuna mkuki.

Binti yangu Salma alikuwa amesoma habari za Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza shuleni, akampenda kwa namna iliyoanza kunitia wasiwasi, maana yule bwana alioa wake sita na wawili kati yao akawakata vichwa. Mezani anatutajia mmoja mmoja, na alivyoachwa au alivyokufa, huku mimi natafuna. Basi tamasha lilipotangazwa, nyumba haikulala. Twende, Baba. Twende, Baba. Nami ningekataa, ila mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kutoka Mombasa kututembelea, na mgeni huwezi kumfungia ndani kila Jumamosi akiangalia theluji ambayo bado haijaanguka.

Sasa kuhusu mama mkwe lazima mwelewe jambo moja. Yeye ni wa Mji wa Kale, mtu wa Mombasa damu na mifupa. Mimi ni wa Malindi. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, akaona mambo hayajakaa sawa, akang'oa nanga. Akapanda juu mpaka Malindi, na mfalme wetu akampokea kwa mikono miwili, akampa na rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1505 Wareno wakarudi, Francisco de Almeida mbele, wakaichoma Mombasa. Mwaka 1528 wakaichoma tena. Na kwetu Malindi nguzo ya Vasco da Gama imesimama mpaka leo pale ufukweni, watalii wanaipiga picha. Mama mkwe hajawahi kunitamkia neno juu ya hayo. Mtu na mkwewe wana heshima zao. Lakini kila Malindi inapotajwa, yeye huguna.

Safari hii alikuwa ameniletea joho la marehemu mumewe. Joho jeusi, tarizi za zari shingoni na mabegani, lililovaliwa kwenye nikahi zote za mtaa ule kwa miaka mingi. Salma alipolitoa kwenye sanduku akapiga kelele. Alikuwa ameshatoa amri kwamba kila mtu avae nguo za zamani, na nguo za kukodi pale mlangoni bei yake ni ya mahari. "Baba atavaa hili!" Nikavaa. Kanzu, kilemba, joho, na jambia kiunoni. Shida ni kwamba marehemu alikuwa mrefu mwembamba, na mimi Mungu aliniumba kwa mpango mwingine. Chini lilikuwa linafagia, mbele lilikuwa halikutani. Mama mkwe akanitazama toka juu hadi chini, akasema "Mashallah" kwa ile sauti anayoitumia akienda kumtazama mgonjwa.

Mke wangu alivaa dera. Athumani, mwenye miaka saba, alitaka kwenda na vazi lake la dinosa, akaenda nalo. Mama mkwe hakubadilisha kitu: buibui lake, mtandio wake, na mkoba ule mkubwa ambao hata ndani ya ndege hakukubali uwekwe juu.

Mlangoni askari akauliza silaha. Nikamwonyesha jambia. Akalifunga na ala yake kwa kamba ya plastiki, kwa heshima kabisa, ili nisije nikalichomoa kwa hasira. Kando yake palikuwa na ubao mkubwa uliosema hairuhusiwi kuingia na chakula cha nje. Ndani ya mkoba wa mama mkwe mlikuwa na mahamri, viazi karai vya watu kumi, chupa ya chai, na chupa nyingine ya ukwaju alioutengeneza mwenyewe kwa pilipili alizokuja nazo kutoka soko la Marikiti, Mombasa. Nikamkumbusha mke wangu kwa sauti ya chini. Mke wangu akamwambia mama yake. Mama yake akajibu kwamba ule ubao haukuandikwa kwa ajili yake, maana ungeandikwa Kiswahili.

Ndani, jamani, kulikuwa na kila karne isipokuwa yetu. Maharamia, wachawi wenye mabawa, watu wa Skandinavia wa miaka elfu iliyopita wakinywa kwenye pembe za ng'ombe, wanawake waliobanwa viuno mpaka unawapumulia wewe. Dinosa wetu hakutazamwa mara mbili. Lakini mama mkwe alipata heshima asiyoitarajia. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la mahameli akamwona na buibui lake, akapiga goti, akaomba baraka. Alimdhania mtawa. Mama akamwekea mkono kichwani, akamsomea Fatiha nzima, yule mwanamke akafuta machozi akaenda zake. Salma akaanza kuhangaika. "Bibi, usitembee mbele sana. Huyu mfalme kati ya 1536 na 1540 alifunga nyumba zote za watawa, akachukua mali zao." Mama akaukumbatia mkoba.

"Hivi mwaka gani humu ndani?" akauliza.

"Elfu moja mia tano thelathini na kitu, Bibi."

"Ah. Basi kwetu wameshatuchoma mara mbili." Akaguna. Mimi nikaangalia miti.

Sitawachosha na habari za paja la bata mzinga, ambalo kila mtu mle hutembea nalo mkononi, kubwa la kumwangushia mtu. Mama aliuliza nani kachinja, mwenye kibanda hakujua, mjadala ukaishia hapo. Salma akaongeza kwamba huyo ndege asili yake ni Amerika na alikuwa ndiyo kwanza amefika Uingereza zama hizo, kwa hiyo haiwezekani kila mkulima awe na paja lake. Huyu mtoto ukimpeleka mahali ujue unakwenda na mkaguzi.

Alimkagua hata msemaji wa mfalme. Yule bwana, kofia ya manyoya na fimbo ndefu, aliliona joho langu toka mbali, akagonga fimbo chini na kutangaza: "Mpisheni balozi wa Barbary!" Barbary ndivyo Waingereza wa zamani walivyoiita Afrika ya Kaskazini. Watu wakanipisha. Wengine wakainama. Nikakuta kifua changu kimejaa chenyewe. Salma akamvuta yule bwana mkono: balozi wa Morocco alikwenda London mwaka 1600, kwa Malkia Elizabeth, na Henry alikufa 1547, kwa hiyo haiwezekani.

Yule bwana hakuyumba. "Basi balozi amewahi," akasema. "Ni mtu wa adabu."

Salma akaona bora nipewe cheo cha kweli. Akatueleza kwamba Henry alikuwa na mpiga tarumbeta mweusi, John Blanke, na picha yake ipo mpaka leo kwenye mchoro mrefu wa mashindano ya mwaka 1511, yuko juu ya farasi, kichwani kilemba. Na kuna barua yake anamwomba mfalme amwongezee mshahara, peni 8 kwa siku ziwe 16. Akaongezewa.

Mama akasimama katikati ya njia. "Alimwandikia mfalme?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mfalme anayekata watu vichwa?"

"Huyo huyo."

"Huyo kijana alijua kudai chake," akasema mama, akanitazama mimi muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Nilijua alichokuwa anakitazama. Wakati wa posa, pamoja na mahari, familia yao walitaja mkaja wa mama. Watu wa pwani mnajua: mahari ni ya binti, mkaja ni wa mama aliyembeba tumboni. Mimi nilikuwa kijana wa nauli ya kukopa. Nikatoa nusu, na mjomba wangu akasimama mbele ya wazee akasema nusu nyingine inakuja. Salma sasa ana miaka kumi na miwili na nusu hiyo bado iko njiani.

Tulikwenda kwenye mashindano ya mikuki. Kila upande wa viti unapewa shujaa wake wa kumshangilia, na sisi tuliambiwa tupige kelele kwa wa bluu. Mama akauliza, kelele zozote? Nikasema zozote. Akapiga kigelegele. Mama mkwe wangu amepiga vigelegele kwenye harusi za Mji wa Kale tangu hajaolewa, na kile kilikuwa kirefu, cha pumzi moja. Farasi wa shujaa mwekundu alikuwa anakuja mbio, akafunga breki, akageuza shingo kutafuta kinachotokea. Shujaa mwekundu yeye akaendelea. Alianguka kwenye mchanga, akanyanyuka salama, akainama kuelekea kwetu. Salma akatuambia Henry mwenyewe aliangushwa hivyo mwaka 1536 na tangu hapo hakuwa mtu mzuri. Tukaondoka kabla ya raundi ya pili.

Na hapo ndipo tukafika kwa mtukanaji.

Nyuma ya kibanda cha mfua chuma kulikuwa na ubao mpana uliochorwa mfungwa amefungwa minyororo. Pale penye kichwa pametobolewa tundu, na kwenye tundu kimetoka kichwa cha mtu mzima aliye hai. Kazi ya huyo mtu ni kutukana. Anamchagua mpita njia, anamtukania viatu, nywele, mchumba, mpaka mpita njia anapandwa, analipa dola zake, anapewa kikapu cha nyanya zilizoiva kupita kiasi na anamtupia za uso. Tamasha nyingi za aina hii zinaye mtu wake wa kutukana, na huyu wetu alikuwa fundi. Foleni ya wenye vikapu ilifika mpaka kwenye vyoo.

Mama akasimama. "Tungule zile?"

"Ndiyo, Mama."

"Wanamtupia mtu?"

"Kwa pesa, Mama."

Akanyamaza. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya kilo.

Kile kichwa kikaniona. "Ewe bwana mkubwa!" kikapaza sauti. "Umetoka kwako na mapazia yote! Madirisha yako wapi, yako uchi?" Watu wakacheka. "Na hilo tumbo, umelilipia kiingilio au limepita bure?" Watu wakashika mbavu. Hata mke wangu niliona mtandio unatikisika.

"Anasemaje?" akauliza mama.

"Analisifu joho, Mama."

Kutoka ndani ya dinosa ikaja sauti. Athumani lugha zote mbili ni zake, na siri haiwezi hata katika moja. "Hapana, Bibi. Amesema Baba amevaa mapazia. Halafu amesema tumbo halikulipa kiingilio."

Mama akafikiri. "La tumbo ana haki," akasema. "La joho hana."

Akaenda kwa yule msichana anayeuza, akalipa, akapewa kikapu. Akazihesabu nyanya. Moja akaibonyeza, akairudisha, akataka nyingine. Kisha akaomba nyongeza. Msichana hakujua Kiswahili lakini ule mkono ulionyooshwa aliuelewa, akaongeza mbili. Watu wakampisha bibi apite mbele ya foleni. Mama akaweka kikapu chini, hakutupa hata moja, akasogea mpaka hatua mbili kutoka kwenye ubao, akamwita Athumani aje kutafsiri.

"Mwulize, mamake yu hai?"

Kichwa kikashtuka. Kikasema yu hai, yuko Ohio.

"Anaijua kazi anayofanya?"

Watu wakaanza kucheka taratibu. Kichwa kikasema, anajua kiasi.

"Mwulize, mara ya mwisho kumpigia simu ilikuwa lini?"

Kimya. Mtu mwenye pembe ya ng'ombe akaishusha. Yule fundi wa matusi alifumbua mdomo, akaufunga. Niliona anatafuta tusi, na tusi halipo, kwa sababu bibi wa watu hajamtukana, anamwulizia hali. Huwezi kumrudishia mtu anayekuulizia hali. Watu wa Mombasa wanalijua hilo tangu zamani na ndiyo maana ukipita barazani kwao unatoka umevuliwa nguo na kila mmoja amekuita mwanangu.

"Basi mwulize kama amekula."

Kichwa kikasema, kwa sauti ndogo, hakijala tangu asubuhi.

"Maskini," akasema mama, akafungua mkoba.

Nilimwona mke wangu anaweka kiganja kwenye paji la uso. Mama akatoa viazi karai vilivyofungwa kwenye karatasi, akamimina ukwaju, na kwa sababu mikono ya yule bwana iko nyuma ya ubao, akamlisha mwenyewe. Kiazi cha kwanza kikaingia. Umati mzima ukatoa ile sauti wanayotoa Wamarekani wakiona mbwa mdogo. Kiazi cha pili kikaingia. Cha tatu mama alikichovya vizuri, kwa mapenzi, ukwaju ukadondoka.

Zile pilipili za Marikiti hazipigi hapo hapo. Zinakungoja umeze.

Kwanza macho yalikuwa mekundu. Kisha yule bwana akauliza kama kuna maji. Kisha akaacha kuuliza, kichwa kikatoweka kwenye tundu, tukasikia tu viatu vikikimbia nyuma ya ubao kuelekea kwenye pipa la farasi.

Sasa tundu liko wazi, na foleni imeshalipa. Watu wanashika nyanya mkononi, juisi inawatiririka mpaka kwenye viwiko. Yule msichana akaangalia huku na huku, akanionyesha kidole. "Sultani!" Akapokelewa. "Sul-ta-ni! Sul-ta-ni!" Nikasema mimi nina familia. Mke wangu, ambaye siku nzima alikuwa hajasema maneno ishirini, akaja nyuma yangu, akanivua joho taratibu, akalikunja, akaliweka juu ya robota la majani makavu.

"Nenda, Baba Salma. Mama ndiye aliyemharibia mtu kazi yake. Kamshikie."

Ukiwa ndani ya tundu lile huoni mwili wako. Shingo haigeuki. Kilichobaki duniani ni watu na nyanya. Watoto wawili walitupa wakakosa. Kijana mmoja wa kiharamia alinipata shavuni, nikasema si mbaya, ni baridi tu. Akaja Salma, kikapu cha kukopa, akanilenga sikio. "Hiyo ya simu yangu uliyoichukua!" Sikujua kumbe inaruhusiwa kutaja sababu.

Kisha umati ukagawanyika, nikamwona mama mkwe anakuja na kikapu chake.

Nikajua atanipa mkono wa pole. Hatujawahi hata kula sahani moja na huyu mama. Nikiingia chumbani anavuta mtandio, akiingia yeye nasimama. Akanyanyua nyanya, akaipima kwenye kiganja.

"Mama?" nikasema.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Tungule nimeshazilipia."

Watu waliokua wakiangusha embe za majirani kwa mawe hawasahau. Ilinipata katikati ya paji.

"Ya kutuweka na bwana harusi hajaja mpaka Isha."

Basi la kutoka Malindi liliharibika Mtwapa! Nilitaka kulisema hilo, lakini ya pili ilikuwa imeshatoka. "Samahani, mwanangu. Ya Idi ile usiyopiga simu." Athumani, pale chini, alikuwa anawatafsiria watu kila neno kwa sauti kubwa, na watu walikuwa wamesahau vikapu vyao, wanasikiliza.

Ya tatu akaishika muda. Akavuta pumzi.

"Hii ya Vasco da Gama."

Nilipata nyanya puani na miaka mia tano nyuma yake. Athumani akaeleza alivyoweza: kwamba mji wa Baba ulimpokea Mreno, na Mreno akauchoma mji wa Bibi. Wale watu wa Skandinavia, ambao enzi zao hawakuacha mji hata mmoja bila kuuchoma, walinizomea kwa uchungu wa kweli.

Iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko zote. Ile ya nyongeza.

"Na hii," akasema mama, sasa sauti imepanda, anawaambia watu wote, "hii ya mkaja wangu. Nusu! Mpaka leo nusu!"

Mtu akauliza mkaja ni nini. Athumani akasema ni pesa ambazo Baba anadaiwa na Bibi kwa sababu alimwoa Mama. Pakatulia. Halafu mmoja akaanza, nadhani ni yule wa pembe, wenzake wakapokea, na punde msitu mzima unaimba, maharamia, wachawi na wahasibu wa benki: "Mka-ja! Mka-ja! Mka-ja!"

Kelele zile zikamleta mfalme. Henry wa Nane mwenyewe, ndevu nyekundu, mabega ya kitanda cha watu wawili, askari mbele na malkia wa zamu nyuma. Akauliza kesi gani. Akaelezwa na Salma, ambaye hatimaye alikuwa ana mfalme mbele yake na hakumkosoa hata tarehe. Mfalme akasogea mpaka kwenye ubao, akanitazama usoni, mbegu za nyanya zinanidondoka kwenye kope. Niliona huruma katika macho yake. Ni mtu aliyewahi kupata wakwe mara sita.

"Unadaiwa?" akauliza.

Nikasema ndiyo, Mtukufu.

"Lipa kabla jua halijazama. Mimi njia nyingine zote nimezijaribu, hazifai."

Mama akapiga kigelegele. Askari mmoja akaangusha mkuki.

Wakati huo mtukanaji alikuwa amerudi, uso umeoshwa, macho bado mekundu. Alikuwa ameliona joho pale juu ya majani, na kwa kuwa mfalme yupo na balozi amefungwa, akaona aokoe jahazi, akalivaa, akaja kuinama mbele ya mfalme kwa niaba ya Barbary. Bwana yule kumbe nje ya tundu ni mrefu, mwembamba, mabega yamenyooka. Joho lilianguka mpaka kwenye vifundo vya miguu na kusimama hapo hapo, halifagii, halibani.

Nikamwona mama anaweka mkono kifuani. Nikasema sasa amekwisha, huyu ndiye aliyeliita mapazia.

Mama akamzunguka. Akamrekebisha kola. Akanigeukia mimi, kichwa kwenye ubao.

"Unaona?" akasema. "Ndivyo linavyovaliwa."

Wakapiga picha pamoja, yeye na mtukanaji, na picha hiyo ndiyo aliyoituma. Usiku ule, mimi nikiwa bafuni natoa mbegu masikioni kwa pamba, nilimsikia chumbani kwake akituma sauti kwenye kundi la familia la WhatsApp, moja baada ya nyingine, ndefu, za mtu aliyeshiba. Nilisikia "mfalme". Nilisikia "wake sita". Nilisikia "mkwe wangu" na baada yake kicheko.

Kwetu ilikuwa saa nne usiku, Mombasa wanatoka kuswali alfajiri. Simu ikalia. Shemeji yangu, mkubwa wao.

"Shemeji, tumesikia. Pole sana. Dhamana ni kiasi gani?"

"Sijafungwa, shemeji."

"Mama kasema shingo yako imepitishwa kwenye tundu la ubao."

"Hilo ni kweli."

"Na watu wakakupiga?"

"Kwa nyanya, shemeji."

"Na mfalme wa huko akasema ulipe mkaja wa mama kabla jua halijazama."

"Ndiyo, lakini yule si mfalme hasa—"

"Na jua limezama?"

Nikatazama dirisha la bafu.

"Limezama."

"Sasa shemeji," akasema, "unabisha nini?"